Laptopu ya mwanafunzi anayecheza gemu: ipi ununue Dar es Salaam

Ukitaja neno gemu katika duka la kompyuta la Kariakoo, utawekewa mezani mashine yenye kibodi inayowaka taa nyekundu na stika ya RTX (jina la kadi za grafiki za NVIDIA) kwenye kona. Taa na stika hazikuambii mashine hiyo itafanya nini saa nane mchana mwezi wa Januari, ndani ya geto la Sinza lenye dirisha moja. Yanayoamua ni mambo matatu, na muuzaji hayagusi mpaka umuulize: kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu) inapewa wati ngapi, RAM (kumbukumbu ya muda) imekaa kwenye nafasi moja au mbili, na joto linatokea wapi. Kwa vipimo hivyo, mpya tunayoipa nafasi ya kwanza ni Lenovo LOQ 15 yenye RTX 4050. Asiyefika bei hiyo tunamshauri aziache laptopu dhaifu zilizopakwa rangi za gemu, atafute ya kihandisi ya mtumba, HP ZBook 15 G6 ikiwa ya kwanza kuulizia.

Anza na masomo, maana ada imelipwa kwa ajili hiyo. Anayesoma usanifu majengo au upimaji ardhi Chuo Kikuu Ardhi atakutana na Revit na ArcGIS Pro, na zote mbili ni za Windows pekee. Hapo MacBook imeshatoka, hata ungepewa kwa bei ya kirafiki. Gemu la Valorant nalo halina toleo la Mac. Mhandisi wa Mlimani au DIT anahitaji AutoCAD na MATLAB, ambazo hupenda prosesa yenye kasi kubwa kwa kila kiini kuliko utitiri wa viini. Wa kompyuta pale Kijitonyama atafungua Android Studio, kiigaji cha simu na kivinjari kwa wakati mmoja, na GB 8 za RAM zitamwishia asubuhi. Wa IFM au CBE anayeishi ndani ya Excel na SPSS hana shida: mashine yoyote inayomudu gemu itamfaa. Kwa wote, kiwango ni RAM GB 16 na SSD (hifadhi ya mafaili) ya GB 512. Gemu la mpira FC 25 peke yake linaomba GB 100 za nafasi, hivyo SSD ya GB 256 ukishaweka Windows na programu za chuo inabaki na gemu moja, labda na nusu.

Sasa wati. NVIDIA imeruhusu RTX 4050 ya laptopu ifungwe kwa wati 35 hadi 115. Jina lile lile, stika ile ile, lakini ya wati 45 na ya wati 100 zikicheza gemu moja utadhani zimepishana kizazi kizima. Kujua umeuziwa ipi ni kazi ya dakika moja: bofya kitufe cha kulia kwenye eneo tupu la kioo, fungua NVIDIA Control Panel, nenda Help kisha System Information, utafute mstari wa Maximum Graphics Power. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa tu kaka", mwombe akufungulie ukurasa huo kabla hamjazungumza bei.

Angalia pia kumbukumbu ya kadi yenyewe. RTX 2050 ina GB 4. RTX 3050 iko ya GB 4 na ya GB 6, na duka huandika 3050 tu. Gemu mpya ikijaza GB 4, mzigo unaobaki unahamia kwenye RAM ya kawaida iliyo mbali na polepole, ndipo picha inapoanza kukatakata hata kama wastani wa fremu (picha kwa sekunde) unaonekana mzuri. Kati ya 3050 ya GB 4 na ya GB 6, ongeza fedha uchukue ya pili.

Kuhusu RAM, ugonjwa unaojirudia ni kipande kimoja cha GB 8. Kipande kimoja kinapitisha data kwenye njia moja wakati prosesa imejengwa kwa mbili, na anayeumia zaidi ni mwenye grafiki za ndani ya prosesa. Intel Iris Xe, kwa mfano, ikikosa kipande cha pili Windows huitambua kama UHD ya kawaida, nusu ya uwezo wake ikiwa imelala. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, bonyeza Memory, usome Slots used. Ikiandika 1 of 2, una pa kuongezea. Kabla ya kununua kipande, hakikisha kama ni DDR4 au DDR5, kwani havibadilishani kabisa. Mkato wa pini umewekwa mahali tofauti na hakiingii. RAM imepanda bei dunia nzima tangu mwishoni mwa 2025, kwa hiyo mashine inayokuja na GB 16 tayari, katika vipande viwili, mara nyingi inakutoka nafuu kuliko kuongeza baadaye.

Mpya nne zinazostahili kulinganishwa

LOQ 15 ilitoka 2023 kuchukua nafasi ya IdeaPad Gaming 3, na ilirithi mfumo mpana wa kutoa hewa kwa nyuma. RTX 4050 yake inapewa zaidi ya wati 90. RAM ina nafasi mbili, SSD nafasi mbili, na fundi anafika ndani kwa skrubu za chini bila kuvunja chochote. Udhaifu wake ni uzito wa kilo 2.4 bila chaja, na betri ya wati-saa 60. Hesabu mwenyewe: ukiandika noti na mwanga umepunguzwa, mashine ikila wati 10, utapata saa sita, ukicheza gemu, hata saa moja haifiki. Kioo cha bei ya chini kina Hz 144 lakini rangi zake ni hafifu. Kwa FC hutagundua, ila anayesoma usanifu wa picha atagundua siku ya kwanza.

ASUS TUF A15 inaipita LOQ kwa jambo moja kubwa: matoleo mengi ya FA507 yana betri ya wati-saa 90. Kwa mwanafunzi anayeshinda chuoni kutwa na kugombea soketi maktaba, hiyo ni faida halisi. Soma namba ya mfano kwa makini, kwani FA506 ya zamani inafanana nayo kwa mbali na nyingi zina betri ya wati-saa 48 na kioo kilichofifia. Ukizikuta LOQ na FA507 zenye RTX 4050 kwa bei moja, na nyumbani kwako umeme unakatika mara kwa mara, chukua TUF.

HP Victus 15 ni nzuri kwa macho, ya heshima darasani, na ndiyo rahisi kuikuta. Lakini matoleo yake mengi yanaipa RTX 4050 wati 75 hivi, kioo cha kawaida kina mwanga wa niti 250 ambao karibu na dirisha la Dar es Salaam hautoshi, kifuniko kinatikisika ukichapa kwa nguvu, na nafasi ya SSD ni moja tu. Ukitaka kuongeza, unang'oa ya zamani na kuhamisha kila kitu. Inunue ikiwa bei imeshuka wazi chini ya LOQ, vinginevyo hapana.

Acer Nitro V 15 ni nyepesi kidogo, kama kilo 2.1, na ina nafasi mbili za SSD. Tatizo lake ni kuuzwa mara nyingi na kipande kimoja cha RAM cha GB 8. Ingiza bei ya kipande cha pili kwenye hesabu kabla hujasema ni rahisi.

Mtumba wa kihandisi

Chini ya milioni moja na nusu hutapata mpya yenye kadi ya grafiki inayojitegemea, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanaumizwa: wanauziwa laptopu mpya ya prosesa dhaifu kwa sababu tu inang'aa. ZBook 15 G6, Dell Precision 5540 na ThinkPad P53 zilitengenezwa kwa maofisi ya wahandisi. Kadi zake za Quadro T1000 na T2000 zimejengwa kwa chipu ile ile ya kadi ya gemu ya GTX 1650, zikiwa na GB 4. Revit itafunguka, FC itacheza kwa fremu 60 ukishusha mipangilio, na ZBook ina nafasi nne za RAM.

Usishuke chini ya kizazi cha nane cha Intel, kwani vizazi vya chini yake Windows 11 haivitambui rasmi, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Valorant nayo ndani ya Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa ndani wa mashine) ziwe zimewashwa. ZBook 15 G5 yenye Quadro P2000 inapita mtihani wa Windows, na nguvu yake ni ya GTX 1050 Ti, yaani ngazi ya chini kabisa FC 25 inayoikubali. Lakini P2000 ni kizazi cha Pascal, ambacho NVIDIA ilikitolea draiva ya mwisho ya gemu Oktoba 2025. Kilichobaki ni viraka vya usalama hadi 2028. Ndiyo maana tunasema G6. Precision 5540 ni nyembamba na inapendeza kubeba, kilo 1.8 hivi, ila inachemka, na betri za ukoo huo zinajulikana kwa kuvimba. Ilaze juu ya meza ya kioo: ikiyumba, au padi ya kugusia ikiwa imeinuka, irudishe kwa muuzaji hapo hapo.

Ukaguzi wa mtumba ufanyike dukani, umekaa, bila kukimbizwa. Zima mashine, iwashe ukigonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine, ikidai nywila, usinunue. Kwenye ThinkPad nywila hiyo imehifadhiwa kwenye chipu na kuchomoa betri ndogo hakuifuti. Kisha mwambie muuzaji asafishe Windows upya na uunganishe intaneti ya simu yako wakati wa kuianzisha. Likitokea jina la kampuni ya Ulaya likidai barua pepe ya kazi, mashine hiyo bado ni mali iliyosajiliwa kwingine, na kila utakaposafisha Windows itarudi pale pale. Baada ya hapo fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe Design Capacity na Full Charge Capacity. Chini ya asilimia 60, omba ipunguzwe bei ya betri mpya. CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya SSD, GPU-Z itaandika FAKE mbele ya jina la kadi iliyobadilishwa utambulisho. Ziweke zote mbili kwenye flashi kabla hujatoka nyumbani. Mwisho endesha gemu au Cinebench (programu ya kuitesa prosesa) dakika 15 huku HWiNFO, inayoonyesha joto na kasi, ikiwa wazi. Prosesa ikigusa nyuzi 95 na kasi ikaporomoka na kubaki chini, ama feni zimejaa vumbi ama pasta ya joto imekauka. Vinatengenezeka, lakini viwe hoja ya bei.

Kibodi za mtumba wa Ulaya wakati mwingine zina herufi za Kifaransa au Kijerumani. Ni jambo dogo kwa anayechapa bila kutazama, na ni sababu halali ya kuomba punguzo.

Chaja ndiyo eneo ambalo watu hulipuuza halafu wanalaumu mashine. Hizi zinataka wati 130 hadi 200 au zaidi. Ukipewa ya wati 65 yenye ncha inayoingia, itawaka, itachaji polepole, na ukianza gemu prosesa itajifunga breki. Dell isipoitambua chaja huandika onyo wakati wa kuwaka na inaweza kukataa kuchaji kabisa. Soma volti na ampea kwenye kibandiko na uzizidishe: volti 20 kwa ampea 8.5 ni wati 170. Iliyotoka Marekani yenye pini bapa haihitaji chaja mpya, kwani adapta inapokea volti 100 hadi 240. Badilisha waya wa ukutani tu uwe wa pini tatu za mraba, wenye waya wa ardhi unaofanya kazi.

Kwa joto la pwani, inua nyuma ya mashine sentimita mbili ili feni zivute hewa, usicheze juu ya godoro, na funga fremu zisizidi 60 kwenye gemu za mpira. Hatua hiyo ya mwisho inapunguza joto na kelele kuliko meza nyingi za feni zinazouzwa barabarani. Mafeni yasafishwe kila miezi sita, mapema zaidi kwa anayekaa karibu na barabara ya vumbi. Ikiwa mashine inakaa kwenye chaja kutwa, weka kikomo cha chaji cha asilimia 80 ndani ya programu ya Lenovo au ASUS, betri ichelewe kuvimba.

Ili kuokoa bando, Steam tangu 2023 inaruhusu kuhamisha gemu kutoka laptopu moja kwenda nyingine zikiwa kwenye ruta moja. Ikiwa mwenzako wa hosteli analo gemu hilo na nawe umelinunua, GB 100 zinapita bila kugusa intaneti.

Siku ya kununua, tembelea maduka matatu peke yako. Ukiingia umeongozwa na winga, cha juu chake kimo ndani ya bei, na huwezi kukitoa kwa kubembeleza. Dai risiti ya EFD, na muuzaji akuandikie kwa mkono namba ya utambulisho (serial number) iliyo chini ya mashine, muda wa waranti, na nani anayeibeba: duka au mtengenezaji. Namba hiyo iingize kwenye tovuti ya Lenovo au HP ukiwa bado kaunta, uone waranti inaisha lini na ni ya nchi gani. Ikionyesha kuwa muda ulishaanza kuhesabiwa mwaka uliopita, mashine inayoitwa mpya huenda ilishafunguliwa, au imekaa muda mrefu ghalani.