Kununua sarafu za kale kwenye mnada wa mtandaoni: njia nne za mnunuzi wa Mombasa, kuanzia iliyo salama

Rupia ya fedha ya mwaka 1888 imeandikwa MOMBASA, lakini haikupigwa Mombasa. Ilipigwa Birmingham, katika karakana ya Heaton, kwa niaba ya kampuni ya Imperial British East Africa. Anayeitaka leo, awe yuko Tudor au Likoni, ana nafasi kubwa zaidi ya kuikuta kwenye mnada wa London au California kuliko kwenye duka la Mji wa Kale. Ataichagua kwa picha, atamlipa mtu asiyemjua, kisha akae akingoja.

Kwa sababu hiyo njia zilizo hapa hazikupangwa kwa urahisi wa bei. Zimepangwa kwa swali moja: sarafu ikifika na kumbe ni feki, pesa zinarudi kwa njia gani?

Ya kwanza: kampuni za mnada zenye katalogi

Hizi ni kama Noonans ya London, Künker ya Osnabrück, Heritage ya Dallas na Stephen Album Rare Coins ya California, ambayo imebobea kwenye sarafu za Kiislamu, za Bara Hindi na za Afrika. Minada mingi ya aina hii huonekana pia kwenye majukwaa ya pamoja kama NumisBids, Sixbid na biddr, ambako unaweza kutafuta neno "Mombasa" au "Zanzibar" na kupata kampuni kadhaa kwa mkupuo.

Faida yake ni kwamba mtaalamu ameishika sarafu kabla yako na jina la kampuni limo hatarini. Ikithibitika ni ya kughushi, nyingi hurejesha pesa, ila kwa muda uliowekwa. Soma masharti kabla ya kutia dau, hasa sehemu ya marejesho. Kulalamika kwamba "imechakaa kuliko nilivyodhani" kwa kawaida hakusaidii kitu, na sarafu iliyokwisha kufungwa kwenye kasha la kampuni ya upimaji (tazama njia ya pili) mara nyingi hairudishwi kabisa.

Jisajili siku kadhaa mapema. Wataomba kitambulisho au pasipoti, na baadhi huomba amana au barua ya utambulisho kutoka kampuni nyingine ya mnada.

Kinachowaumiza wageni ni ada. Bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda, siyo bei unayolipa. Juu yake kuna ada ya mnunuzi, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 25, na ukitia dau kupitia jukwaa la nje huenda ikaongezwa asilimia chache nyingine. Kisha kuna usafirishaji, na ukifika hapa kuna VAT ya asilimia 16 inayokokotolewa juu ya jumla yote, pamoja na gharama ya kusafirisha.

Basi hesabu irudi nyuma. Tuseme umejiwekea dola 300 zote kwa zote, ada ya mnunuzi ni asilimia 20 na usafirishaji ni dola 40. Gawa 300 kwa 1.16, unapata 258. Toa 40, inabaki 218. Gawa kwa 1.2, unapata 181 na ushei. Dau lako la mwisho ni dola 180, na hapo hujagusa ushuru wa forodha wenyewe wala tozo za uagizaji. Mwenye busara atasimama kwenye 160. Andika namba hiyo kwenye karatasi kabla mnada haujaanza, kwa maana ukishaanza kushindana na mtu, hesabu huruka dirishani.

Jambo jingine ni saa. Mnada unaoanza saa moja jioni California wakati wa kiangazi chao, kwako ni saa kumi na moja alfajiri ya siku inayofuata. Majira yao ya baridi, ni saa kumi na mbili asubuhi. Wapo wanaosoma "7:00 PM" wakakaa macho usiku wa siku isiyo yenyewe. Dawa ni kuweka dau lako la juu kabisa siku moja kabla. Mfumo utakupandishia kidogo kidogo mpaka hapo na si zaidi. Umeme ukikatika au bando likaisha, dau lako lipo.

Ya pili: eBay, sarafu iliyo ndani ya kasha

NGC na PCGS ni kampuni za Marekani zinazopima sarafu, kuipa daraja kati ya 1 na 70 na kuifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba. Namba hiyo iingize mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni husika. Usibonyeze kiungo alichokutumia muuzaji. Mara nyingi utaona picha ya sarafu yenyewe. Linganisha mikwaruzo na madoa, moja baada ya jingine. Makasha ya kughushi yapo, na mjanja huandika namba halali ya sarafu nyingine ya aina ile ile. Doa lililo ukingoni kulia kwenye picha ya kampuni lazima liwe ukingoni kulia kwenye picha ya muuzaji.

Likiwa kasha limeandikwa "Details", maana yake sarafu ni halali lakini ina kasoro: imesuguliwa, imetobolewa au imeunganishwa kwa risasi. Sarafu za Pwani nyingi ziko hivyo, kwa sababu zilivaliwa shingoni. Si vibaya kuinunua, mradi usilipe bei ya nzima.

Lipa kwa kadi au PayPal ndani ya eBay yenyewe. Kadi ya M-Pesa GlobalPay, inayopitia Visa, hufanya kazi kwa asiye na kadi ya benki. eBay hukupa siku 30 tangu mzigo kufika kulalamika kwamba kilichokuja si kilichotangazwa, na PayPal siku 180 tangu ulipolipa. Ulinzi huo huvunjika kwa njia mbili ambazo Wakenya hunaswa nazo. Ya kwanza ni kukubali "tumalizane nje" kwa punguzo, au kutuma pesa kwa PayPal kama unamtumia rafiki. Ya pili haijulikani sana: ukitumia anwani ya kampuni ya kukusanya mizigo iliyoko Marekani au Uingereza, kwa eBay mzigo umefika pale. Kilichotokea kati ya pale na Mombasa hakiwahusu. Kwa sarafu ya bei, tafuta muuzaji anayetuma Kenya moja kwa moja.

Ya tatu: eBay, sarafu tupu isiyo na kasha

Hii ifanye kwa sarafu ambazo ukipoteza hutalia. Senti 5 na 10 zenye tundu za Afrika Mashariki ni mahali pazuri pa kuanzia. Baadhi ya za mwaka 1936 zimeandikwa jina la Edward VIII, mfalme aliyeachia kiti kabla ya kutawazwa, na wauzaji hupenda kuzitangaza kama adimu sana. Zilipigwa kwa wingi. Lipa bei ya chai na mahamri, si zaidi.

Omba picha nne: pande zote mbili, ukingo, na sarafu ikiwa juu ya mzani. Anayekataa kuipima hana sababu nzuri. Kwenye picha tafuta vishimo vya duara kama mapovu, ishara kwamba imemiminwa badala ya kugongwa, na mstari unaozunguka katikati ya ukingo. Ikiwa mng'ao ni mmoja kuanzia bonde la herufi hadi kilele cha sura, imesuguliwa. Sarafu ya shaba iliyopigwa ukwaju au ndimu huwa na rangi ya waridi isiyo ya kawaida, na hakuna mkusanyaji makini atakayeitaka.

Ya nne: makundi ya Facebook na WhatsApp

Hapa hakuna mnada kwa maana halisi. Kuna mtu, picha na namba ya simu. Usitume pesa ya "kushikia". Ukikosea namba ya M-Pesa unaweza kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, lakini huduma hiyo haikuwekwa kwa aliyelaghaiwa, na mpokeaji akishatoa hela kwa wakala umechelewa. Kutaneni mchana, ndani ya duka la sonara ikiwezekana. Mzani upo pale pale, na jicho la mtu anayeshika fedha kila siku si la kudharau. Mlipe sonara kitu kidogo kwa muda wake.

(Yale matangazo ya kununua shilingi 40 ya mwaka 2003 kwa mamilioni, "tuma kwanza ada ya usajili", ni wizi mtupu. Sarafu hiyo ilitolewa kwa miaka 40 ya uhuru na ilikuwa ikitumika madukani.)

Vipimo vya kukariri

Rupia ya Mombasa ya 1888 ina gramu 11.66, fedha ya 917 kwa 1,000, na herufi ndogo H ya Heaton. Upande mmoja una jua lenye taji na maneno "Light and Liberty". Upande wa pili una mizani, neno la Kiarabu adl (haki) na jina la mji. Nusu rupia, robo na ana mbili (sehemu ya nane ya rupia) zilifuata mwaka 1890. Pice, sarafu ndogo ya shaba ya 1888, yenye mwaka wa Hijria 1306, ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo ya kuanza nayo ukitaka jina la Mombasa.

Rupia ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, yenye sura ya Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma, ina uzito na ubora ule ule wa fedha. Rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ya 1916, ile ya tembo, ina gramu 7.17 na imeigwa sana. Bila kasha la NGC au PCGS, iache.

Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, ina mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa katika karne ya 20, Vienna, London au Bombay. Mwaka huo si umri wake. Ipime: gramu 28.07, fedha ya 833. Anayekuuzia kama kitu cha karne ya 18 kwa sababu ya tarehe tu, ama hajui au anajua sana.

Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ina gramu 7.78 na robo yake tu ni fedha. Kuanzia 1948 hakuna fedha kabisa. Tangazo la "shilingi ya fedha ya 1949" limekwisha jijibu.

Ikishafika

Rekodi video bila kukata, kuanzia bahasha ikiwa imefungwa na anwani inaonekana. Kisha chukua mzani wa kusoma hadi gramu 0.01, ule wa masonara unatosha. Ipime sarafu ikiwa kavu. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, rudisha sifuri, ifunge sarafu kwa uzi mwembamba na uizamishe bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni ujazo wake. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo.

Rupia halali itasoma maji karibu 1.13, yaani mgawanyo wa 10.3. Iliyoigwa kwa nikeli na shaba kwa uzito ule ule itasoma 1.31. Kwa riale ni 2.75 dhidi ya 3.15, na hapo hata mzani wa wastani hauwezi kukudanganya. Mapovu yakishikamana na sarafu, namba hupanda bure na ya halali huonekana ya uongo; itikise kidogo ndani ya maji, upime mara tatu. Sumaku nayo ipitishe, lakini inakamata hasa chuma na nikeli tupu. Shaba na risasi hupita.

Sarafu iliyo ndani ya kasha usiipime hivi na usilivunje kasha. Ukilivunja, haki ya kurudisha inakwenda nalo.

Posta, forodha na sheria

Kanuni za posta za kimataifa haziruhusu sarafu kwenye barua ya kawaida. Iwe imesajiliwa au ina bima. Kampuni nyingi za vifurushi zina vikwazo vyao kuhusu sarafu, kwa hiyo uliza kabla mnada haujafungwa. Muuzaji aandike thamani ya kweli. Akiandika dola 10 "kukusaidia", bima nayo italipa dola 10. Kwenye fomu iandikwe sarafu ya mkusanyaji, mwaka na chuma chake, ili afisa asiichukulie kama pesa taslimu au dhahabu ghafi.

Kwa upande wa pili, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni malikale chini ya Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya 2006, na hakitoki nchini bila kibali. Rupia ya 1888 iliyokuwa hapa siku zote imo ndani ya hesabu hiyo. Hifadhi risiti ya mnada na karatasi za forodha, kwani ndizo zitakazoonyesha kwamba yako imeingia juzi. Na sarafu ya shaba ya Kilwa yenye udongo bado, isiyo na karatasi ya mkusanyo wowote wa zamani, usiiguse.

Baada ya hapo adui ni hewa ya bahari. Tumia vifuko visivyo na PVC, kwa sababu plastiki laini ya PVC huacha utando wa kijani unaonata, weka ndani ya kopo linaloziba sawasawa, na utie vipakiti vya kunyonya unyevu. Msimu wa mvua za masika vibadilishe kila mwezi.