Hita za maji za sola kutoka Molo hadi Bondo: ipi inafaa boma lako

Jua la kupashia maji ya kuoga tunalo sote. Mita moja ya mraba ya paa hupata takriban yuniti tano za nishati kwa siku ya kawaida, na hita ya sola iliyoundwa vizuri hunasa zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo muuzaji wa Nakuru au Kisumu akianza kukusifia jinsi mtambo wake unavyovuta jua, msikilize kwa heshima, kisha umuulize habari za maji. Yataingiaje? Yakikatika siku tatu itakuwaje? Yakiwa ya kisima chenye chumvi, je? Hita nyingi zinazokufa mapema huku kwetu zimeuawa na maji.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa boma lenye tangi ambalo haliishiwi maji, hita ya mirija ya vioo isiyo na presha, ya lita 200, ndiyo inayorudisha pesa haraka kuliko zote. Penye mgao mkali wa maji, au penye mvua ya mawe, paneli bapa, ile ya sanduku la kioo lisilo na mirija, inastahili bei yake ya juu. Nyumba ya watu wawili iliyo karibu na transfoma haina haja ya sola kwa sasa. Hita ya shawa, ile ya stima inayopasha maji palepale shawani, inatosha.

Tuanze na ukubwa, maana hapo ndipo watu wengi hupunjwa. Mtu mmoja huoga kwa takriban lita 40 za maji ya nyuzi 40. Hita ya lita 200 yenye mirija 20 hupandisha maji yake kwa nyuzi 25 hadi 30 siku ya jua la kawaida. Tuseme maji ya bomba Nakuru yana nyuzi 19: jioni tangi litakuwa na nyuzi 44 hadi 49, na kila anayeoga atatumia karibu lita 30 za moto akichanganya na baridi. Watu sita wameimaliza. Kisumu, ambako maji huingia yakiwa tayari na nyuzi 25 hivi, hita hiyo hiyo itawatosha na kubaki ya kuoshea vyombo. Molo au Mau Narok, ambako maji ya asubuhi huuma vidole, nyuzi 25 za nyongeza hukufikisha kwenye joto la kuoga tu bila kuchanganya, kwa hiyo familia ya watu sita ichukue lita 300. Mfugaji anayeosha mikebe ya maziwa kwa maji moto kila siku aongeze lita 50 juu ya hapo.

Dukani usisome lita peke yake. Hesabu mirija. Tangi la lita 200 likiwa na mirija 15, umeuziwa tangi kubwa na jua dogo: maji ni mengi na hayapati joto. Mrija wa kawaida una kipenyo cha milimita 58 na urefu wa mita 1.8, na uwiano mzuri ni mrija mmoja kwa kila lita kumi.

Mrija wenyewe ni vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, na hewa iliyo kati yao imenyonywa, kama ilivyo kwenye chupa ya chai. Chini kabisa utaona sehemu iliyong'aa rangi ya fedha. Hiyo ni madini ya bariamu, na ndiyo shahidi wako. Hewa ikiingia kati ya vioo, rangi hiyo hugeuka nyeupe kama maziwa, na mrija huo hautunzi joto tena hata ukionekana mzima. Fungua kila boksi dukani uangalie ncha hiyo kabla ya kulipa. Ukifika nyumbani hutaweza kubishana na mtu kama ulivunjika njiani au la.

Udhaifu wa hita hii ni kukauka. Mirija mitupu ikipigwa na jua hupanda kupita nyuzi 200. Sasa maji yakatike Jumatatu, watu waoge hadi tangi liishe, mirija ivuje au mtu afungue kuisafisha, kisha mfereji urudi Alhamisi saa saba mchana: maji baridi yanaingia kwenye kioo kinachowaka na kioo kinapasuka hapo hapo. Dawa ni mbili. Kwanza, hita ilishwe na tangi la akiba, isifungwe moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Pili, pawe na koki ya kufunga maji yanayopanda kwenye hita, mahali panapofikika bila ngazi. Hita ikikauka, funga koki hiyo, ufungue alfajiri ya kesho yake kabla ya jua kushika. Hata siku ya kwanza ya kuifunga, fundi anayejua kazi hujaza maji asubuhi na mapema, au hufunika mirija kwa turubai hadi amalize.

Juu ya tangi la hita isiyo na presha kuna kitangi kidogo chenye floti, na bomba fupi la kupumulia. Bomba hilo lisizibwe kamwe. Kuna mafundi wanaoliziba wakiona linatoa mvuke, wakidhani ni kuvuja. Tangi la ndani ni bati jembamba la chuma kisichoshika kutu. Likikosa pumzi hufutuka maji yanapopata moto na kubonyea maji yanapotoka, mpaka viungo viachie.

Lalamiko linalosikika sana kuhusu hita hizi ni kwamba "inamwagika usiku." Tazama bafuni kwanza. Mara nyingi utakuta mfereji wa kuchanganyia wenye mkono mmoja, ambapo maji baridi yanatoka kwenye pampu au bomba la mtaa kwa nguvu, na ya moto yanashuka polepole kutoka paani. Tangi lililo mita tatu juu ya shawa hutoa presha ya baa 0.3 tu. Baridi yenye nguvu inausukuma moto kurudi nyuma, inapanda hadi kwenye hita na kutokea bomba la kupumulia. Unapoteza maji na joto kwa pamoja. Maji ya moto na ya baridi yatoke kwenye tangi moja la akiba, na kwenye laini ya moto iwekwe valvu ya kuzuia kurudi, ile ya mlango unaobembea, kwa sababu ile ya springi hudai presha ambayo huna. Mifereji miwili ya kawaida, mmoja moto mmoja baridi, hufanya kazi vizuri kuliko ule wa kisasa wa mkono mmoja.

Kuhusu namna ya kuiegemeza, hapa wauzaji wengi hawajui wanachouza. Fremu nyingi zinakuja zimekunjwa kwa digrii 45, pembe ya nchi zilizo mbali na ikweta. Sisi ikweta inapita Maseno. Ukiisimamisha fremu hiyo Nakuru ikitazama kusini, mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, na linaipiga mirija kwa ubavu kiasi kwamba inapata chini ya nusu ya mwanga ambao ingeupata ikilitazama sawasawa. Na Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi. Laza mtambo kwa digrii 15 hadi 25, ambao ndio mteremko wa mapaa mengi ya mabati. Usiulaze chini ya hapo, kwa sababu maji moto yanahitaji mteremko ili yapande tangini yenyewe, na mvua inahitaji mteremko ili ioshe vumbi la barabara ya murramu. Kama huna budi kutumia fremu ya digrii 45, itazame kaskazini. Ukiwa na chaguo kati ya mashariki na magharibi, chagua mashariki, hasa Kakamega, Vihiga na Kisii, ambako asubuhi huwa kweupe na mawingu hujikusanya baada ya chakula cha mchana. Angalia pia kivuli cha mwembe au mkabakaba saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, si saa sita peke yake.

Hita ya lita 200 iliyojaa inakaribia kilo 300. Miguu yake ikae juu ya kenchi, na chini yake iongezwe mbao za kubeba mzigo. Tundu la bolti litobolewe kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni ambako maji hupita, na liwekewe washa ya mpira na silikoni.

Mabomba ya moto yawe ya PPR, plastiki ngumu inayoungwa kwa joto, ya daraja la presha la PN20. PVC ya maji baridi hulegea na kuachia viungo. Kwa bafu moja, milimita 20 inatosha, na ina faida: mita 15 zake hubeba lita mbili tu za maji yaliyopoa ambayo utayamwaga kabla ya moto kufika, ilhali milimita 25 hubeba zaidi ya lita tatu. Mabafu mawili yakitumika kwa wakati mmoja, shina liwe 25 na matawi 20. Vika bomba sponji yake ya kuhifadhi joto, na sehemu iliyo juani ifungwe kwa tepu ya alumini, la sivyo jua litaila sponji ikawa unga.

Paneli bapa ni habari nyingine. Ni sanduku la kioo kigumu lenye mabomba ya shaba ndani, na tangi lake hustahimili presha, kwa hiyo mifereji ya kisasa na shawa kubwa hufanya kazi. Maji yakikatika haipasuki. Kericho na Nandi Hills, ambako mvua ya mawe ni jambo la kila mwaka na wakulima wa chai wanaijua vizuri, kioo chake hukabiliana na mawe vizuri kuliko mirija. Kwa tangi la lita 150 tafuta paneli ya mita mbili za mraba. Penye maji ya chumvi, au sehemu za juu zinazopata jalidi kama Mau Narok, nunua ile yenye mzunguko wa pili: kimiminika cha glaikoli, kisichoganda upesi kwa baridi, kinazunguka kwenye paneli na kupasha tangi kutoka nje, maji yako hayagusi shaba. Valvu ya usalama iliyo tangini, inayoachia presha ikizidi, ivutwe kwa mkono kila baada ya miezi sita. Ikishika chumvi haifunguki, na hapo pana hatari ya kweli.

Namna ya kujua maji yako ni kutazama birika. Likiwa na ukoko mweupe, mirija itajaa ukoko huo huo chini, na isafishwe kila mwaka. Chumvi yenyewe hutoboa chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304; waulize kama wana tangi la daraja la 316. Madini ya floraidi yaliyomo katika visima vingi vya Nakuru hayatoki kwa kuchemsha, kwa hiyo maji ya hita yasigeuzwe ya kunywa.

Hita ya shawa ya wati 5,500 hula karibu yuniti moja kwa dakika kumi. Inataka waya wa milimita 6 za mraba, breka yake peke yake ya ampea 32, waya wa ardhi uliofungwa kweli, na tangi lililo angalau mita moja juu ya kichwa chake. Visima vya chumvi vina kichwa chao maalumu. Kijijini, mbali na transfoma, volti zikishuka jioni kutoka 240 hadi 200, nguvu yake hushuka hadi wati 3,800 hivi, na hakuna fundi atakayeitibu hiyo.

Mwisho, elementi ya stima ndani ya hita ya sola. Ikiachwa kwenye thamostati, hupasha maji usiku kucha, jua linachomoza na kukuta kazi imekwisha, nawe umelipia hadi yuniti saba ambazo zingekuwa za bure. Swichi yake iwe imezimwa siku zote. Saa kumi jioni soma kipimajoto. Kikiwa chini ya nyuzi 40, washa kwa muda wa saa mbili, kisha uzime. Na siku unayonunua, ongeza mirija miwili na pete zake za silikoni, uihifadhi ikiwa imelala ndani ya boksi lake, kwa sababu kioo kimoja kimoja kikisafirishwa kwa matatu hadi Bondo mara nyingi hufika vipande.