Niliomba kihisi joto cha nyaya tatu, nikauziwa cha nyaya mbili

Sikuwa na nia ya kuandika chochote kuhusu duka lile la Kariakoo, lakini kila nikikumbuka jibu nililopewa pale kaunta, hasira hunipanda upya. Miezi michache iliyopita kihisi joto cha mtambo wetu wa maziwa kilikufa, nami, nikiwa fundi umeme wa zamu, nilikwenda dukani nikaeleza bayana kwamba nataka kihisi cha aina ya Pt100 chenye nyaya tatu, kwa kuwa kutoka kwenye bomba hadi kwenye paneli ni mita 20. Muuzaji akasema ipo, akanipa mfuko uliofungwa, nikalipa. Kufungua kiwandani, nyaya mbili.

Nilirudi siku ile ile. Muuzaji hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Dada, mwambie fundi wenu aje mwenyewe, yeye ataelewa. Mnaunga kipande cha waya kwenye kontrola, inasoma." Nikamwambia fundi ndiye mimi. Akanionyesha kwa kidole maandishi ya kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Ni kweli inasoma, na ubaya wake ndio huo. Pt100 hupima joto kwa ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, ambao ni omu 100 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi na hupanda kwa takriban omu 0.385 kwa kila uzi mmoja. Kebo nayo ina ukinzani, na penye nyaya mbili tu kontrola, yaani kifaa cha kwenye paneli kinachosoma kihisi, haiwezi kujua upi ni wa kebo na upi ni wa kihisi; waya wa tatu huwekwa ili ukinzani wa kebo utolewe kwenye hesabu. Usiku ule maziwa yalikuwa yameshajaa tangini, kwa hiyo tulifunga tulichokuwa nacho. Nilipozigusanisha nyaya upande wa bomba, mita ilionyesha omu 0.7, yaani karibu nyuzi 2 za uongo. Ili vijidudu vife, maziwa yanatakiwa yakae kwenye nyuzi 72 kwa sekunde 15. Paneli ilisema 72, ilhali kipimajoto nilichokitia kwenye tundu la kupimia kilisema 70 na kidogo. Vali inayorudisha nyuma maziwa yasiyofikia joto hutii namba hiyo hiyo ya paneli! Tulipandisha hadi 75, nikakesha pale.

Kwa haki, kihisi chenyewe si kibovu. Baadaye nilikipima bila kebo ile ndefu, kikiwa ndani ya barafu iliyosagwa, kikatoa omu 100 barabara. Ningeandika haya juzi, ningesema bidhaa ni nzuri na lawama zote ni za muuzaji. Leo nafuta hata sifa hiyo, kwa sababu nimegundua juu ya mfuko ule kuna karatasi iliyobandikwa, imeandikwa nyaya tatu, na aliyeibandika hakujali kwamba kifaa kile kinalinda maziwa wanayokunywa watoto wa watu.

Kingine nilikipata duka la Gerezani. Kijana wa pale alifungua mfuko mwenyewe na kunishikia nyaya nikipima: kati ya nyekundu mbili karibu sifuri, kati ya nyekundu na nyeupe omu 111 na ushei, kama inavyopaswa kwa joto la Dar la nyuzi 30. Kule Kariakoo sirudi tena. Au labda nitarudi mara moja tu, nimwekee mezani mfuko ule na karatasi yake.