Dynabeads M-280 Streptavidin: shanga bora, ila zioshe kwanza

Ukitengeneza kihisi cha kupima protini kwenye seramu, kibarua kizito ni kuinasa hiyo protini katikati ya vitu vingine vyote vilivyomo. Dynabeads M-280 Streptavidin za Thermo Fisher Scientific zinaikamilisha kazi hiyo vizuri sana. Ni shanga za polistireni zilizopakwa streptavidini, protini inayoshika bayotini (vitamini B7) kwa nguvu, zenye kipenyo cha maikromita 2.8, zote saizi moja, zao la mbinu aliyoiasisi John Ugelstad kule Trondheim, Norwei, miaka ya 1970. Ndani yake mna chembe za oksidi ya chuma ndogo za kiwango cha nanomita, na kwa udogo huo hazibaki na usumaku sumaku ya nje ikiondolewa. Sogeza sumaku, shanga hukimbilia ukutani. Iondoe, hutawanyika tena.

Chupa huja na miligramu 10 kwa mililita, ndani ya bafa yenye kihifadhi cha sodiamu azidi asilimia 0.02. Azidi hiyo huzima peroksidasi, kimeng'enya kinachotoa ishara ya kipimo. Mtu asipoosha, ishara hushuka, naye akaanza kulaumu kingamwili isiyo na kosa. Tikisa chupa kwa vorteksi (mashine ya kutikisa) zaidi ya sekunde 30, pima kiasi chako, weka tyubu kwenye sumaku dakika 2, kisha nyonya bafa tyubu ikiwa bado hapo hapo. Weka bafa safi isiyo na azidi, tikisa, uirudishe kwenye sumaku; rudia mara tatu. Shanga zisikauke hata kidogo, maana zikikauka uwezo wake hupungua.

Kwa elektrodi moja ya kaboni iliyochapishwa, maikrolita 5 zinatosha, yaani maikrogramu 50 za shanga. Miligramu moja hubeba takriban maikrogramu 10 za kingamwili yenye bayotini, kwa hiyo hapa unahitaji kama nusu maikrogramu tu. Zungusha taratibu dakika 30, osha mara nne kwa PBS (bafa ya fosfeti yenye chumvi) yenye BSA (albumini ya ng'ombe) asilimia 0.1, maana kingamwili ya ziada ikibaki ikielea itanyakua antijeni, yaani protini unayoipima, nje ya shanga. Fuatisha seramu, halafu kingamwili ya pili yenye peroksidasi, ukiosha kila hatua. Dondosha kwenye elektrodi yenye sumaku ya neodimiamu chini yake, weka hidrokwinoni na peroksidi ya haidrojeni, usome mkondo wa umeme karibu na volti -0.20. Ukiona rundo la kahawia lililokolea, shanga zimezidi: zinafunika uso wa elektrodi na mkondo unapungua.

Udhaifu wake ni kutua haraka. Ukigawa kwenye sahani ya vishimo 96 bila kutikisatikisa, vishimo vya mwanzo na vya mwisho havitapata kiasi sawa. Kwa kazi hiyo ni heri shanga ndogo zaidi za Dynabeads, MyOne Streptavidin T1 ya maikromita 1.05: hutua polepole na hubeba kingamwili karibu mara mbili kwa miligramu, ingawa sumaku huchelewa kuzikusanya.

Jihadharini pia na wagonjwa wanaomeza vidonge vya bayotini. Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kwamba bayotini inaweza kupotosha vipimo, kikiwemo cha troponini (protini inayoashiria jeraha la moyo), ambacho kinaweza kusoma chini kuliko ukweli. Hatari ni kubwa pale sampuli, shanga na kingamwili yenye bayotini vinapochanganywa kwa pamoja. Funga kingamwili kwenye shanga kwanza, osha, ndipo ulete seramu. Kimiminika cha kukuzia seli cha RPMI 1640 nacho kina bayotini, hivyo sampuli za seli zinahitaji utaratibu uleule.