Nililipa kuchorewa ramani ya tangi la samaki wa maji ya bahari la lita 650: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila mgeni. Shilingi 18,000 za Kenya nilimlipa mchoraji, jamaa anayepanga matangi ya samaki kwa kazi. Kwa pesa hizo alikuja mara mbili, akapima, akanipa ramani ya kurasa 6. Shilingi 95,000 zilikwenda kwa fundi wa vioo. Pampu, taa na mashine ya kupoza maji siandiki bei zake hapa, maana mume wangu naye anajua kusoma.

Nilikuwa nimefuga samaki wa maji matamu miaka 7, tangi dogo la juu ya meza, nikajiona mjuzi. Nilichotaka kwa mchoraji ni vipimo tu: urefu, upana, kimo, basi niende kwa fundi. Yeye alipofika kwangu Tudor, Mombasa, ghorofa ya tatu, hata samaki hakuwauliza. Aligonga sakafu kwa kisigino, akauliza nani aliyejenga hili jengo na boriti zimepita wapi. Sikujua. Akakaa mezani akaandika nyuma ya bahasha ya risiti.

Tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60 huchukua lita 648. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1 na gramu 25 hivi, kwa hiyo hapo tayari una kilo 664. Vioo vya milimita 12, karibu kilo 120. Ongeza mawe, mchanga, stendi, na tangi la pili la uvunguni pamoja na maji yake: umeshapita tani moja. Yote hayo yakae kwenye eneo dogo kuliko mlango uliolazwa chini. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida huhesabiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Akasema sakafu yaweza kuhimili zaidi ya hapo karibu na ukuta au juu ya boriti, lakini hilo aliseme mhandisi aliyeiona michoro ya jengo, si yeye, na bila barua ya mhandisi hachori.

Nilikasirika siku ile. Leo naona kwamba hata angeishia hapo, 18,000 zangu zingekuwa zimerudi.

Tangi likahamia kwa mama, Bamburi, nyumba ya chini yenye sakafu ya zege juu ya ardhi. Mama alisikiliza mpango mzima, kisha akaniuliza, "Mwanangu, bahari iko hapo nyuma ya nyumba kumi. Wewe wataka kuileta sebuleni?" Nikamwambia ndiyo. Akasema sawa, ila kochi lake lisiguswe.

Sasa mazuri ya ramani. Ukurasa wa nne ulikuwa wa stima, na huo ningeununua peke yake. Kila kifaa kimeandikwa wati zake na saa zake: pampu ya kurudisha maji wati 80 mchana na usiku, pampu mbili za mawimbi wati 40 kwa pamoja, skima ya kusafishia maji wati 30, taa wati 250 kwa saa 8, mashine ya kupoza maji wati 350 ikifanya kazi nusu ya siku. Jumla uniti 10 kwa siku, yaani 300 kwa mwezi. Kabla ya kununua hata msumari nilijua tokeni za mama zitaongezeka kwa kiasi gani, na nani atazilipa. Alichora pia waya zikining'inia chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Soketi zenyewe akazitoa uvunguni kabisa, akazipandisha ukuta wa pembeni, kwa sababu chumvi hupanda na kuganda kila mahali. Stendi ya chuma alinikataza. Tulitumia mbao ngumu, na fundi seremala alihakikisha kwa pima maji kila kona, kwa vile kioo kikikaa mshazari kidogo tu hubeba uzito upande mmoja.

Mabaya yalikuwa mawili, na lile la kwanza lililowesha sebule.

Kwa wasiojua: tangi kubwa la aina hii huwa na la pili chini yake, uvunguni, wenyewe huliita sampu. Maji ya juu humwagikia kwenye kisanduku cha pembeni, hushuka kwa bomba hadi kwenye sampu, husafishwa huko na skima inayotoa uchafu kwa mapovu, kisha pampu huyarudisha juu. Yakizunguka hivyo, raha. Tatizo ni stima ikipotea. Pampu ikizima, bomba la kurudisha hugeuka kuwa mrija: hunyonya maji ya juu na kuyashusha chini mpaka mdomo wake uone hewa.

Mchoraji alikuwa ameuzamisha mdomo wa bomba hilo sentimita 6 chini ya uso wa maji, ili samaki wapate mkondo mzuri. Akategemea valvu ya kuzuia maji yasirudi. Mimi sikuwa nimehesabu chochote, nilikuwa naangalia rangi ya taa.

Siku ya majaribio tulijaza maji ya mfereji tu. Tulikuwa mimi, fundi wa vioo na mama. Maji yalizunguka saa nzima, fundi akipitisha gazeti kavu chini ya kila ungio na kulitazama kama kuna doa. Hakuna. Nikazima swichi. Pampu ikanyamaza. Kisha ndani ya bomba maji yakaanza kuguna, na mstari wa maji kwenye sampu, ambao ulikuwa kwenye sentimita 30, ukapanda hadi 35. Ukafika 40. Fundi akachutama na kitambaa mkononi, akaniambia bila kugeuka, "Dadangu, haya hayasimami." Sampu ina kimo cha sentimita 45. Yalipita hapo polepole, kama maziwa yanavyofurika sufuriani, yakatambaa kwenye vigae hadi mlangoni.

Mama alikuwa amelikunja zulia lake tangu asubuhi. Nilidhani ni dharau.

Tulipoifungua ile valvu tulikuta kipande cha silikoni kidogo kama punje ya mtama kimeizuia isifunge. Jioni nikakaa na kalamu. Uso wa tangi la juu ni sentimita 180 kwa 60, kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo ni lita 10.8. Sentimita 6 ni lita 65. Maji yaliyokuwa ndani ya mabomba na kisanduku ni kama lita 10 zaidi. Sampu yangu ni sentimita 100 kwa 45, kila sentimita ni lita 4.5. Lita 75 zikiingia humo hupandisha maji karibu sentimita 17. Juu ya 30, ni 47. Hesabu ya darasa la sita, na haikuwamo katika kurasa 6 za ramani.

Nilimpigia mchoraji. Alisema valvu ilikuwa chafu, kosa ni la fundi. Hapo hatukuelewana. Valvu inayokaa ndani ya maji ya chumvi itashika mchanga, mwani, ganda la konokono. Si kama itakwama, ni lini. Tangi lipangwe kana kwamba valvu hiyo haipo. Tulipandisha mdomo wa bomba ukawa sentimita 2 tu chini ya uso: sasa stima ikikatika zinashuka lita 32 hivi, sampu inafika sentimita 37 na kusimama. Nimeizima na kuiwasha mara 20 na zaidi, nikiwa nimekaa sakafuni naangalia mstari. Kabla ya kumlipa mtu wako malipo ya mwisho, mwambie akufanyie hesabu hii mbele yako.

Kosa la pili lilikuwa joto. Huku kwetu kifaa cha kupasha maji hakihitajiki; Februari na Machi chumba cha mama kinafika nyuzi 31 mchana, na samaki na matumbawe wa kufugwa wanataka 24 hadi 27. Mchoraji alilijua hilo, akaweka mashine ya kupoza. Ila aliichora ndani ya kabati la uvunguni, milango imefungwa, ipendeze. Mashine hiyo ni kama friji: joto linalotolewa kwenye maji halipotei, linatupwa nje ya mashine. Ukiitia kabatini inapoza maji kwa mkono mmoja na kuyapasha kwa mwingine. Siku ya pili ilikuwa haizimi kabisa na mlango wa kabati ulikuwa wa moto. Tulitoboa ukuta, tukaitoa baraza ya nyuma chini ya kijipaa, mabomba mawili yakapita tunduni. Sasa inafanya kazi chini ya saa 12 kwa siku kama ramani ilivyosema. Feni ya juu ya maji nayo niliijaribu kwa kuwa ni rahisi. Ilishusha nyuzi 2 tu, kwa sababu hewa ya Mombasa imeshiba unyevu, na kila siku ilinikausha maji ndoo nzima.

Na maji yakikauka chumvi haiondoki, inabaki na kukolea. Unachojaza kila siku ni maji matamu, tena masafi. Maji ya kisima cha mama nilipoyapima kwa ile kalamu inayosoma chumvi na madini yaliyoyeyuka (namba ndogo ndiyo maji masafi) yalisoma zaidi ya 1,000. Ya duka la refili la hapo njiani, 12. Kwa hiyo mitungi miwili ya refili kwa wiki ni ya tangi, na mama ananikumbusha kwamba yeye hunywa ya kuchemsha.

Kuhusu maji yenyewe ya bahari nilimkaidi mchoraji, na sijuti. Yeye alitaka chumvi ya kuchanganya, ile ya ndoo kutoka ng'ambo. Kwa lita 700 zinazobaki ukishatoa nafasi ya mawe, ni kilo 26 hivi, na baada ya hapo kila wiki unabadilisha sehemu ya kumi. Sababu yake ilikuwa ya haki: maji ya ufuoni na mikondoni hubeba uchafu wa mji, na wakati wa masika hupungua chumvi. Lakini binamu yangu ni mvuvi. Alinijazia mitungi 35 nje ya mwamba, maji yakiwa yamejaa, msimu wa kaskazi, mvua hazijaanza. Mitungi ilikuwa mipya, si ile iliyobeba mafuta ya kupikia, ambayo hata uioshe vipi huacha utando. Nikachuja kwa kitambaa kizito, nikayaweka gizani kwenye mapipa wiki mbili pampu ikiyazungusha. Rifraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji, ilisoma gramu 35 kwa kilo, bila kuongeza wala kupunguza. Ndoo moja ya chumvi ninayo kwa ajili ya masika.

Mawe pia. Ramani ilitaka mawe makavu ya kuagiza. Mimi niliokota vipande vya matumbawe ya kale vilivyobaki kwa wakata mawe ya ujenzi, yale yale yanayojengewa nyumba pwani nzima, nikaviosha kwa pampu ya presha na kuviloweka wiki tatu nikibadilisha maji. Matumbawe hai ya baharini usiguse. Kwenye hifadhi ni marufuku, na matumbawe magumu yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo hata kuyavusha mpaka kunataka vibali.

Betri ya kutumia stima ikikatika sikuwa nimeipangia, ilikuwa wazo la mchoraji na namshukuru. Betri ya gari ya Ah 100 ya volti 12, ukitumia nusu yake tu, huendesha pampu moja ya mawimbi ya wati 20 kwa takriban siku nzima. Samaki wanaweza kuvumilia giza. Kukosa hewa hawavumilii.

Fundi wa vioo nampa kumi juu ya kumi. Alitumia silikoni isiyo na dawa ya ukungu, akaiacha siku 7 kabla ya tone la maji, na aliporudi kuurekebisha mdomo wa bomba hakutaka pesa. Mchoraji nampa sita. Ningemlipa tena, ila mara ya pili ningekuwa na kalamu yangu mezani.

Samaki bado. Amonia, sumu inayotokea tangi likiwa jipya, ilipanda wiki ya pili, ikafuata nitraiti, nayo sumu, na tangu juzi, wiki ya sita, zote mbili zinasoma sifuri. Wa kwanza watakuwa wale wadogo wa anemoni (mnyama wa baharini mwenye umbo la ua) wa pwani yetu, wawili tu. Kangaja atangoja miezi. Kitatange, ambaye mama anamtaka kwa rangi zake, atakula matumbawe nikija kuyaweka, na hilo bado hatujalimaliza.

Kwa sasa ndani kuna mawe, mchanga na konokono watano. Kila asubuhi mama ananitumia ujumbe wa sauti, bila salamu: "Ishirini na sita nukta mbili. Na yule konokono mkubwa kapanda kioo."