Led Zeppelin III kwenye santuri: gurudumu linaudhi, upande B unalipa

Wadau, karibuni tena. Leo naanza na kero moja kwa moja, maana mkijua kero mtavumilia kusikiliza sifa. Hapa mezani ni Led Zeppelin III, albamu ya tatu ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, santuri ya toleo la 2014, lile ambalo mpiga gitaa wao Jimmy Page mwenyewe alisimamia usafishaji wa sauti. Bendi mnaijua. Mwaka 1970 mnaujua. Nani mwimbaji, nani mpiga dramu, hayo sitarudia. Tuje kwenye hili dude la mviringo.

Sogezeni macho hapa. Jalada ni jeupe, limejaa vipepeo na vitu vinavyoruka angani, na kati ya michoro kuna matundu yaliyokatwa. Nyuma ya matundu kuna gurudumu la karatasi ngumu lenye picha zake. Unalizungusha kwa kidole gumba, hivi, na picha kwenye matundu zinabadilika zote kwa mpigo. Sasa angalieni tatizo. Nataka uso wa mwanabendi ukae sawasawa kwenye tundu hili la juu. Nasogeza... taratibu... umekaa. Haya, tazama la chini yake: nusu ya picha. Nikisawazisha la chini, la juu linakimbia. Ukipata mawili kwa pamoja ushukuru, mengine yatabaki vipandevipande. Watu wanadhani gurudumu lao limeharibika. Halijaharibika, ndivyo lilivyo.

Aliyelichora ni Zacron, jina lake halisi Richard Drew. Page alikuwa anawazia zile kalenda za bustani za kuzungusha, zinazokuonyesha mwezi gani upande mboga gani. Kilichotoka hakikumridhisha, na baadaye alilalamika kwamba limekuwa la kitoto. Ufaransa walikwepa taabu yote hii, wakatoa jalada la picha ya wanabendi wanne tu. Hakuna tundu, hakuna gurudumu. Wafaransa hapo nawapa alama zote.

Lakini subiri, maana ukinunua iliyotumika, gurudumu hili ndilo litakalokugharimu. Muuzaji atakutumia picha ya jalada la mbele, linang'aa, nawe unalipa. Usilipe! Mwombe akupigie video fupi akilizungusha duara zima. Angalia mambo matatu. Kwanza kingo za matundu: gurudumu husugua kila likizunguka, na kwenye nakala iliyochezewa sana kingo huwa zimechanika au zimenyanyuka. Pili ripiti ya katikati, ule msumari mfupi wa chuma unaolishikilia: ikipata unyevu hushika kutu, na kutu huacha doa la kahawia kwenye karatasi ambalo halitoki kwa kitu chochote, usijaribu hata kufuta. Tatu, je, linazunguka au limeganda? Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa yetu ina unyevu, karatasi inavimba na kushikana. Likiganda usilazimishe, utakunja ukingo. Liache siku mbili tatu kwenye chumba kikavu, jalada likiwa limesimama wima, kisha ulijaribu kidogo kidogo huku na huku. Na rafu usiijaze kwa kubana, ile ripiti itaacha kovu kwenye jalada la jirani.

Mnaotafuta ya 1970 yenyewe, angalieni pale kwenye ukanda mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Kuna maandishi ya mkono yaliyochongwa, "Do what thou wilt", maneno ya Aleister Crowley yule wa mambo ya uchawi. Aliyeyachonga ni fundi Terry Manning wa Memphis, akiwa na Page. Inamisha santuri kwenye mwanga wa pembeni utayaona, mwanga wa juu unayaficha. Kwa nakala za Marekani soma pia anwani kwenye lebo: 1841 Broadway ni za mwanzo, 75 Rockefeller Plaza ni za baadaye. Kuna wanaouza ya Rockefeller kwa bei ya Broadway, nanyi mnakubali kwa sababu jalada ni lilelile.

Haya, gurudumu weka pembeni. Hapana, ngoja nizungushe mara moja tu... Sawa.

Tangazo dogo la chaneli. Wengi mnaniuliza mbona sichezi nyimbo ndani ya video. Hakimiliki. Hata sekunde chache za Led Zeppelin zinatosha YouTube kuifunga video au kumpa mwenye wimbo mapato yake. Kwa hiyo kazi yenu leo ni hii: simu moja mnitazame, nyingine muwe na wimbo. Asiye na simu mbili asimamishe video hapa na pale, mimi sina haraka.

Sasa sikilizeni ushauri wangu, na najua utawaudhi wenye kupenda kelele: anza na upande B. Nyimbo tano, dakika 21 na ushee, na karibu zote zinasimama juu ya gitaa kavu. Page na mwimbaji Robert Plant walikuwa wametoka kukaa kwenye kibanda cha Bron-Yr-Aur, karibu na Machynlleth huko Wales, mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba. Bila umeme huna amplifaya, basi nyimbo zilizoanzia kule zimebeba hewa ya nyumba ndogo. Wakosoaji wa wakati huo wakasema wameiga Crosby, Stills & Nash, kundi la gitaa kavu na sauti za kupatana. Mimi nasema waliosema hivyo hawakuusikiliza "Gallows Pole" mpaka mwisho.

Huo ni wimbo wa kale wa kiingereza, na Lead Belly aliurekodi Marekani 1939. Mtu yuko chini ya kitanzi anamsihi mnyongaji asubiri, ndugu zake wanaleta fedha na dhahabu. Matoleo mengi mtu huokoka. Hapa mnyongaji anapokea kila kitu halafu ananyonga vilevile, anacheka. Usikilize kwa kuhesabu vyombo: gitaa kavu peke yake, kisha mandolini ya John Paul Jones, mpiga besi wao, kisha besi, halafu dramu na banjo vinaingia pamoja na wimbo unaanza kukimbia. Banjo hiyo ni ya Jones, kaiokota Page studioni, na hakuwa mpigaji wa banjo kabisa. Ndiyo maana haipigwi kwa madaha ya kimarekani, inasukumwa tu kama rithimu. Kwa maoni yangu hapo ndipo albamu nzima inapoeleweka.

Wenye gitaa mkononi, kabla hatujaendelea, rudini upande A, wimbo wa pili, "Friends". Ule mlio wa ajabu unatokana na tyuni, na ni nyuzi tatu tu zinazoguswa. Uzi mnene wa sita, E, ulegeze nota mbili nzima ufike C. Uzi wa tano, A, uache. Uzi wa nne, D, ulegeze nota moja nzima uwe C. Wa tatu, G, uache. Wa pili, B, ukaze nusu nota tu uwe C. Wa kwanza uache. Umepata C A C G C E. Anza na kulegeza, malizia na huo wa pili wa kukaza, na ukaze polepole, maana uzi uliochoka hukatika hapohapo. Kama nyuzi zako ni nyembamba, uzi wa sita utalegea mpaka ugonge mbao za shingo unapoupiga kwa nguvu. Hilo si kosa la mkono wako, weka uzi mnene zaidi. Ukishamaliza piga nyuzi zote bila kubana chochote. Mmesikia? Hiyo sasa ni sauti ya gitaa langu, YouTube hawana la kusema.

Nimetaja Crosby, Stills & Nash, acha niguse washindani kidogo. Kama unataka muziki wa foki, yaani wa mapokeo, wa kiingereza uliopewa dramu na umeme kwa nidhamu, basi Liege & Lief ya Fairport Convention, 1969, inaizidi hii. Naam, nimesema. Nyimbo za mapokeo zinatendewa heshima zaidi pale, na sauti ya Sandy Denny haina mpinzani, ndiyo maana Zeppelin wenyewe walimwita akaimbe nao "The Battle of Evermore" kwenye albamu ya 1971. Kama unataka upweke mtupu, chukua Pink Moon ya Nick Drake, 1972: sauti, gitaa, piano kidogo kwenye wimbo mmoja, dakika 28 imekwisha. Tatizo la Pink Moon ni kwamba inahitaji nyumba iliyonyamaza. Feni tu inaiua. Led Zeppelin III inavumilia feni, inavumilia jirani, inavumilia hata jenereta.

Na Blue ya Joni Mitchell? Hiyo nitaifanyia video yake, msianze kunishambulia kwenye maoni.

Upande A sasa. "Immigrant Song" mnaijua, imetokana na safari yao ya Iceland Juni 1970, dakika mbili na nusu, imetumika kila mahali mpaka imechosha. Ninachowaomba mkisikilize ni uchafu walioacha makusudi. Mwanzoni kabisa, kabla ya gitaa, kuna mvumo wa tepu na sauti ya kuhesabu. "Tangerine", ile ya upande B, inaanza kwa gitaa kukosea, kimya, kisha kuhesabu upya. "Celebration Day" mwanzo wake ulifutwa kimakosa kwenye tepu, basi wakauvuta ule mvumo wa mwisho wa "Friends" mpaka gitaa liingie. Leo prodyuza angefyeka vyote hivyo.

Uchafu mtamu kuliko wote uko kwenye "Since I've Been Loving You". Weka hedifoni, si spika ya simu, spika ya simu haina uwezo huo. Kama una mahali pa kurekebisha sauti, punguza besi kidogo, usiguse ya kati wala ya juu. Sikiliza pale mwanzo dramu zikiwa bado za upole. Kila John Bonham anapokanyaga pedali ya dramu la mguu, kabla ya mshindo kuna "kwii". Kwii, du. Kwii, du. Ni bawaba ya pedali ya Ludwig Speed King, inalia kama baiskeli ya muuza maziwa. Ukishaisikia mara moja hutaweza tena kutoisikia, samahani kwa hilo. Kisha sikiliza besi: hakuna gitaa la besi, Jones anapiga ogani ya Hammond kwa mikono na besi kwa miguu kwenye pedali za ogani. Kwa hiyo wimbo huu wa dakika saba na nusu una miguu ya watu wawili inayofanya kazi, na mmoja wao hakutia mafuta. Kwenye toleo la 2014 kwii imebaki palepale, na Page asingeitoa bila kuharibu dramu lenyewe.

Swali litakalokuja, nalijibu kabisa: "Wimbo wa mwisho wa upande B sauti ya mwimbaji inatetemeka na kukwaruza, sindano yangu imekufa?" Hapana. "Hats Off to (Roy) Harper" ndivyo ulivyo, sauti ya Plant ilipitishwa kwenye amplifaya ya kutetemesha. Kabla hujanunua sindano mpya, usikilize wimbo huo mtandaoni. Kama unatetemeka kule pia, sindano haina kosa. Kama mkwaruzo uko pia kwenye "Bron-Y-Aur Stomp" iliyotangulia, hapo sasa kagua: futa sindano kwa brashi kutoka nyuma kuja mbele, kisha pima uzito ambao mkono unaikandamiza sindano. Kwa kichwa, kile kinachobeba sindano, kama Audio-Technica VM95E weka gramu 2. Zile mashine za sanduku, za bei poa, vichwa vyake vya serami vinakandamiza kama gramu 5 na hazina pa kurekebisha. Kwa santuri mpya ya bei hii mimi nisingezitumia.

Bei, basi. Kuna ya santuri moja, kuna ya mbili yenye rekodi za studio ambazo hazikuingia kwenye albamu, kuna boksi kubwa. Boksi ruka. Ya mbili ina "Jennings Farm Blues", ambayo ni "Bron-Y-Aur Stomp" kabla haijavuliwa umeme, na "Key to the Highway" wakiipiga wawili tu. Nilitaka kusema nunua ya moja inatosha, lakini kwa hiyo "Key to the Highway"... ongeza pesa. Ukiagiza nje, mwambie muuzaji atoe santuri ndani ya jalada na kuifunga kando, kati ya maboksi mawili bapa. Ikisafiri ndani ya jalada hupasua mshono wa chini, na kwenye hili inakwenda kulisukuma gurudumu pia. Na bei ya kulinganisha na dukani ni ile yenye usafiri na ushuru wa forodha ndani yake, siyo ile uliyoiona kwenye tovuti.

Video ijayo ni Liege & Lief au Blue, pigeni kura hapo chini.