Tahadhari: Panga na Deraya "za Kilwa" Zinazouzwa Dar es Salaam Si za Kale na Si Salama

Naandika tahadhari hii kwa ajili ya vikundi vya maigizo, watengenezaji wa filamu, walimu wa historia na yeyote anayependa kukusanya silaha za kale, kwa sababu yupo muuzaji hapa Dar es Salaam anayetangaza panga, deraya (mavazi ya chuma ya vita) na kofia za chuma kwa madai kwamba ni vitu halisi vya karne ya 16, na mimi ni mmoja wa waliomlipa. Jina lake silitaji, kwanza kwa kuwa shauri limekwishafika polisi na tumepewa RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi), na pili kwa kuwa katika miezi minne ametumia majina matatu, hivyo jina lisingemfaa mtu. Kinachomtambulisha ni bidhaa zake na hadithi anazozipamba nazo.

Kikundi chetu kilikuwa kinaandaa mchezo wa jukwaani kuhusu mwaka 1505, meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida zilipoitwaa Kilwa. Tulihitaji panga mbili, fulana ya pete za chuma na deraya moja ya kifuani. Muuzaji alitutumia picha zilizopigwa juu ya kitambaa chekundu, akasema sehemu ya mzigo imechimbwa Kilwa na sehemu imetoka Muscat, akaomba nusu ya shilingi 680,000 itangulie kwa simu. Mzigo uliletwa na bodaboda jioni, umeviringishwa magunia na kuzungushiwa selotepu, na kijana aliyeuleta alikuwa ameagizwa asiukabidhi kabla nusu ya pili haijaingia. Tukalipa bila kufungua. Kosa hilo ni letu, wala sina wa kumsingizia.

Nilipoushika upanga wa kwanza nilifurahi kwa sababu ulikuwa mzito, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa kuwa muuzaji huyu hategemei ujinga wetu peke yake. Anategemea zaidi yale tuliyokwisha kuyaamini kutokana na filamu. "Hicho ndicho chuma chenyewe, mkubwa, si cha kuchezea," aliniambia. Kesho yake niliupeleka kwa muuza nafaka wa mtaani kwetu, mizani ikasoma kilo 3 na gramu 400. Upanga wa mkono mmoja wa Ulaya wa zama zile kwa kawaida ulikuwa na kilo moja na robo hivi, na hata zile panga za mikono miwili za askari wa Kijerumani na Waswisi, ambazo nyingine zilikaribia kimo cha mtu, nyingi zilikuwa kati ya kilo 2 na kilo 3. Mtu anayepigania roho yake hana haja na nondo. Anahitaji kitu kinachogeuka upesi mkononi, na ndiyo maana wahunzi walipunguza unene wa bapa kadiri linavyoelekea nchani, kisha wakaweka tufe la chuma mwishoni mwa mpini ili uzito urudi karibu na kiganja. Upanga tuliouziwa ulikuwa umelalia mbele kama shoka.

Katikati ya bapa ulipita mfuo mrefu, ambao muuzaji alieleza kuwa ni njia ya damu. Maelezo hayo yanasikika sana, nami niliwahi kuyarudia mbele ya watu bila kuona haya, lakini mfuo hauhusiani na damu: hupunguza chuma ili upanga uwe mwepesi bila kulegea. Vivyo hivyo alinitumia video fupi ya upanga ukichomolewa kwa mlio mkali, eti huo mlio ni dalili ya ubora. Ala za zamani zilikuwa za mbao zilizovikwa ngozi, na upanga ulitoka kimyakimya. Ala aliyotuletea ilikuwa ya bati, na ndiyo iliyolia. Ukiuchomoa upanga mara ishirini humo, bati hilo hilo linakula makali yake. Mkanda wa kuivaa mgongoni ninaupita, maana aliyejaribu kuchomoa upanga mrefu kutoka mgongoni anajua mkono unapoishia.

Kutu ndiyo iliyofichua zaidi. Nilifuta bapa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kutu yote ikabaki kwenye kitambaa, na chini yake kukatokea stenlesi inayong'aa kama sufuria mpya, yenye mistari ya mashine ya kusagia. Stenlesi ilianza kujulikana kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Wanaopima kwa sumaku nao wawe waangalifu, kwa sababu zipo aina za stenlesi zinazonaswa vizuri tu, na hizo ndizo zinazotumika sana kutengenezea panga za mapambo ya ukutani. Karibu na mpini palichorwa 1505, kana kwamba mhunzi wa Lisbon alikwishaambiwa ni mwaka gani tutakaokuja kuuandikia mchezo.

Upanga wa pili aliuita wa Seyyid Said, na mpini wake ulikuwa na kichwa cha joka chenye macho mekundu ya plastiki. Panga za Oman zinazofahamika ni kinyume cha hayo: bapa jembamba lililonyooka, mpini mrefu uliozungushiwa ngozi au fedha, hata kikingio cha mkono hauna, na bapa lenyewe hunepa kiasi kwamba wacheza ngoma huko Oman hulitikisa likatetema hewani.

Hadi hapo ilikuwa hasara ya fedha. Jambo lililonifanya niandike ni la mazoezi ya Jumamosi moja, katika ukumbi tuliokodi Temeke, ambapo waigizaji wawili waligonganisha panga hizo polepole, kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, na katika pigo la nne bapa la upanga wa 1505 likakatika pale linapoingia mpinini, likaruka juu ya safu ya viti na kugonga ukuta umbali usiozidi hatua mbili kutoka kwa dada aliyekuwa akishona mavazi. Tulipoupasua mpini tulikuta bolti nyembamba kuliko kidole cha mwisho, imechomelewa kwenye bapa na kufunikwa kwa gundi ya mbao. Katika upanga wa kweli chuma cha bapa chenyewe huendelea ndani ya mpini hadi mwisho, kikiwa kipande kimoja. Stenlesi ya aina ile, ikiwa ndefu kiasi hicho, hukatika bila kuonya.

Fulana ya pete nayo ilikuwa ya waya ambao ncha zake zimekutanishwa tu, nami nilizifungua pete sita kwa vidole, ilhali pete za vita za Ulaya kwa kawaida zilifungwa kwa ripiti ndogo. Deraya ya kifua ilikuwa bati la unene mmoja kila mahali, tena imebandikwa miiba mabegani. Muuzaji alidai kwamba askari aliyeivaa alipandishwa farasi kwa kapi. Deraya kamili ya mwili mzima ilikuwa na kilo 15 hadi 25 zilizogawanywa kuanzia kichwani hadi miguuni, na aliyeizoea alikimbia, akaanguka, akanyanyuka. Upanga haukuipasua kama tikiti. Mafundi wa mapigano wa karne ya 15, kama Hans Talhoffer, walichora wapiganaji wakishika bapa kwa mkono wa pili ili ncha iingie kwenye maungio.

Wanunuzi wafikirie pia upande wa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji wake unahitaji leseni. Kwa hiyo muuzaji huyu akisema kweli kwamba ameuchimba upanga Kilwa, anakuuzia kosa la jinai. Akisema uongo, anakuibia. Mwenye hamu ya kuona vitu halisi aanzie Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na mwenye haja ya panga za jukwaani amwone mhunzi anayefua springi za gari na kumwomba aache makali butu, kama tulivyofanya sisi baadaye kwa fedha pungufu ya robo ya zile.

Waliokwisha kumlipa wasifute ujumbe wala risiti za miamala, wazipeleke kituo cha polisi, kwa kuwa walalamikaji sasa tumefika watatu. Wiki iliyopita pacha wa upanga wetu ametangazwa tena juu ya kitambaa kile kile chekundu. Safari hii amechorwa 1698, hadithi imehamia Ngome ya Mombasa, na kianzio kinachoombwa ni shilingi 200,000.